Komwe moja leo au komwe nne kesho

Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2019, Mtwara ilisimama. Shule na ofisi zilifungwa, wavuvi walizuiwa kwenda baharini, na watu wa mabondeni na kando ya bahari walitakiwa kuhamia maeneo ya juu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilikuwa imetangaza kwamba kimbunga Kenneth kinaelekea pwani ya kusini. Zilikuwa zimepita wiki sita tu tangu kimbunga Idai kiuvunje mji wa Beira, na picha za watu waliokwama juu ya mapaa zilikuwa bado kwenye simu za watu. Jioni ile Kenneth kiliingia nchi kavu ng'ambo ya mto Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, kikiwa na upepo uliokadiriwa kufika kilomita 220 kwa saa. Watu 45 walikufa Msumbiji, na mvua ikaendelea kuufurisha mji wa Pemba wa huko siku kadhaa baada ya upepo kutulia. Upande wa Tanzania kulikucha salama.

Ndipo maneno yakaanza. Walitutisha bure. Tumefunga biashara kwa upepo ambao haukuangusha hata dafu. Hadi leo, tahadhari mpya ikitolewa, hakosekani wa kuuliza: si ndio wale wale wa Kenneth? Kauli hiyo naiogopa kuliko mtaro ulioziba. Mtaro huzibuliwa kwa sepetu na nguvu za vijana wa mtaa katika siku moja. Mtu aliyekwisha kuamini kwamba onyo ni porojo, utamzibua kwa nini?

Shuleni mtoto anafundishwa mzunguko wa maji, aina za mvua, sababu za mafuriko na athari zake. Mtaala mpya wa elimu ya msingi umelipa jambo hili nafasi katika somo la Jiografia na Mazingira, na ni vyema. Lakini maswali ya mtihani yana jibu moja lililo sahihi, na mwanafunzi analijua au halijui. Tahadhari ya mvua kubwa haiko hivyo. Inakutaka uamue leo, uingie gharama leo, kwa ajili ya jambo ambalo huenda lisitokee kesho. Stadi hiyo haikai kwenye daftari. Inataka mtu aamue, akosee, apoteze kitu, aamue tena. Na mahali ambapo mtoto anaweza kukosea mara kumi bila nyumba yake kuchukuliwa na maji ni kwenye mchezo.

Mchezo wenyewe upo. Kituo cha Hali ya Hewa cha Shirikisho la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, chenye makao yake The Hague nchini Uholanzi, kwa miaka mingi kimetumia michezo kufundisha wajitoleaji, maofisa na wanavijiji kuhusu maonyo ya mapema. Mmojawapo unaitwa Paying for Predictions. Unahitaji dadu na maharage tu. Hapa Mtwara nisingetumia maharage. Komwe zinaokotwa ufukweni, na kila penye baraza ya wazee pana bao lenye kete zake 64. Bao moja linatosha timu sita: kila timu komwe kumi, na nne zinabaki kwa mwalimu.

Kanuni ni nyepesi. Kila raundi ni msimu mmoja wa mvua. Dadu ya kwanza ni mvua ya ukanda mzima, ya pili ni mvua ya mtaa wenu. Jumla ikifika 10 au zaidi, ni mafuriko. Kabla dadu hazijarushwa, kila timu inaamua: ijiandae au isijiandae. Kujiandaa kunagharimu komwe moja, yaani kuzibua mtaro, kuhamisha magunia ya mpunga, kuwapeleka wazee kwa ndugu walio mlimani. Asiyejiandaa halipi kitu, ila mafuriko yakija anatoa komwe nne. Timu iliyoishiwa komwe imefikwa na maafa.

Hapo watoto watacheka, watabishana, wengine watajifanya mashujaa. Utamu unaanza pale utabiri unapoingia. Dadu ya ukanda inarushwa kwanza na kuonyeshwa, kabla timu hazijaamua. Katika mchezo wa asili timu hushindana kuununua utabiri huo, na ni jambo la kupendeza kuona jinsi kundi linavyopima thamani ya habari. Kwa shule za kwetu ningeutoa bure, kama TMA inavyoutoa bure redioni.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo penye somo ambalo Mtwara inalihitaji. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Chukua misimu 36, kila njia ikitokea mara moja. Mafuriko yatakuja mara 6. Timu ya wabishi, isiyojiandaa kamwe, itapoteza komwe 24. Timu ya waoga, inayojiandaa kila msimu, itapoteza komwe 36, nyingi kuliko wabishi. Timu ya tatu inasikiliza utabiri: inajiandaa tu dadu ya ukanda inapoonyesha 5 au 6. Itajiandaa mara 12 na kulipa komwe 12. Itanaswa mara moja tu, pale dadu ya ukanda ilipoonyesha 4 na ya mtaa ikaanguka 6, nayo italipa nne. Jumla ni komwe 16. Timu hiyo ndiyo inayoshinda, na kwa mbali.

Lakini tazama kilichomo ndani ya ushindi huo. Katika mara 12 ambazo timu ya wasikivu ilijiandaa, mafuriko yalikuja mara 5. Mara 7 haikutokea kitu. Mara saba walihamisha mpunga bure, walizibua mtaro bure, walichekwa na jirani. Na bado wao ndio wenye komwe nyingi mwisho wa mchezo.

Kenneth ilikuwa moja ya zile saba. Hilo nalisema kwa dhati, na ningetaka kila mwanafunzi wa darasa la sita kati ya Mikindani na Msimbati aweze kulieleza nyumbani kwa wazazi wake, komwe zikiwa mkononi. Utabiri wa mwaka 2019 haukuwa wa uongo. Mtwara ililipa komwe moja, na upepo ukapita jirani.

Kuna hatua ya pili, na mwalimu asiiache. Weka pembeni dadu ya ukanda, andika namba 1 hadi 8 kwenye vipande vya karatasi, vitie ndani ya kopo, na mvua ya ukanda sasa ichaguliwe humo. Ndiyo tabianchi inayobadilika: mvua kubwa zinapata nafasi zaidi. Njia sasa ni 48, na mafuriko yanakuja mara 15. Wabishi wanapoteza komwe 60. Waoga wanapoteza 48, yaani wamewapita wabishi. Wasikivu, wanaojiandaa wakiona 5 na kuendelea, wanapoteza 28. Mwanafunzi anayeanza kusoma uwezekano katika hisabati hana haja ya kuambiwa kwamba hesabu hii ina kazi. Ameiona ikila komwe zake.

TMA ina ngazi zake za kuonya, na mchezo ufundishe lugha hiyo hiyo: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Wengi wetu tunazisikia kwenye taarifa ya habari kana kwamba ni neno moja lililorudiwa. Zipewe dadu: 4 ni angalizo, 5 ni tahadhari, 6 ni tahadhari kubwa. Baada ya raundi chache mtoto atajua kwamba angalizo lina nafasi ndogo ya maafa, na kwamba hata tahadhari kubwa kwenye mchezo huu ni nusu kwa nusu.

Kinachoifanya pwani hii iwe ngumu kuifundisha ni kwamba vimbunga ni vichache. Mdomo wa Ruvuma uko karibu na nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, na huku juu mzunguko wa dunia hauupindishi upepo kwa nguvu ya kutosha kukiendeleza kimbunga kwa urahisi. Aprili 1952 kimoja kilipiga Lindi na kuua watu zaidi ya 30. Mei 2024 Hidaya kilifika karibu na Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam na mikoa ya kusini eneo la Somanga. Katikati ya matukio hayo kizazi kizima kinaweza kuzaliwa na kukua bila kuona kimbunga. Jambo lisiloonekana mara kwa mara haliwezi kufundishwa na uzoefu peke yake, na ndiyo maana nauona mchezo kuwa wa lazima hapa kuliko Beira, ambako kumbukumbu bado ni mbichi.

Hata hivyo mafuriko mengi ya Mtwara hayana haja ya kimbunga. Msimu wetu ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mvua ya saa mbili inatosha kuingia sebuleni. Mikindani ni mji wa zamani ulioketi kwenye ukingo wa ghuba, vilima viko nyuma yake, bahari mbele. Maji yakiteremka hayana pa kupita ila katikati ya nyumba. Mtwara mjini ni kinyume chake. Ni mji uliopangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza na bandari na reli yake, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni tambarare. Mikindani inasumbuliwa na kasi ya maji; Mtwara mjini inasumbuliwa na maji yasiyotaka kuondoka. Mwanafunzi akiweza kueleza tofauti hiyo tu, amekwisha kuelewa nusu ya uhandisi wa mitaro.

Kwa hilo dadu hazisaidii. Twende ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Watoto wajenge kilima cha mchanga wenye unyevu, waushindilie kwa viganja mpaka uwe mgumu kama uwanja uliofagiliwa miaka mingi. Viberiti vitupu ndio nyumba. Mfereji wa upana wa kidole ushuke hadi kwenye shimo la chini, ambalo ndilo bahari. Kopo lililotobolewa kwa msumari ndilo wingu. Kundi moja linamwaga, jingine linahesabu kwa sauti tangu tone la kwanza hadi maji yafike kwenye kiberiti cha mwisho. Kisha wabadilishe jambo moja tu. Watandaze makumbi ya nazi na nyasi juu ya kilima, wamwage tena, wahesabu tena. Wachimbe vishimo vitatu vya kupokea maji njiani. Wazibe mfereji kwa karatasi ya pipi. Kila badiliko lina hesabu yake, na hesabu hizo ziandikwe.

Mwisho kabisa wajaze lile shimo la chini mpaka maji yaufunike mdomo wa mfereji, halafu mvua inyeshe kama mwanzo. Maji ya mfereji yatasimama na kurudi nyuma. Hiyo ni bamvua. Pwani yetu bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mvua ile ile iliyopita bila madhara wakati wa maji mafu inaweza kuleta mafuriko ikiangukia saa ya bamvua, kwa sababu mtaro hauna pa kumwagia. Watoto wa wavuvi wanaijua bamvua kuliko walimu wao wengi. Waachiwe wao waeleze.

Tukivuka kuelekea kusini, habari inabadilika tena. Ruvuma inaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea na kusafiri kilomita zipatazo 800. Sehemu kubwa zaidi ya bonde lake iko Msumbiji, na tawi lake kubwa, Lugenda, linatoka huko. Kwa mkulima wa mpunga wa tarafa za chini, mafuriko yanaweza kufika jua likiwaka. Mvua imenyesha mbali, siku nyingi nyuma, juu ya watu asiowajua, wengine wakizungumza Kireno.

Hili linataka uwanja wa mpira. Wanafunzi ishirini wasimame mstari mmoja: wa kwanza ni Matogoro, wa mwisho ni Kilambo, penye kivuko cha kwenda Msumbiji. Mstari mwingine, Lugenda, uungane nao katikati. Vikombe vya maji vinapokezanwa kila mwalimu anapopiga kofi. Walioko Kilambo wamegeuza migongo na wana mashamba yao yaliyochorwa ardhini, komwe juu yake kama mavuno. Katika raundi ya kwanza hawaambiwi kitu, na maji yanawakuta. Katika raundi ya pili mtu wa katikati anaruhusiwa kupiga simu moja yenye neno moja. Halafu mwalimu aache Lugenda na Ruvuma zijae kwa kofi moja. Wakishamaliza kucheka na kukamua mashati, waulizwe neno lipi lilifaa zaidi kwenye ile simu. Wengine watasema "maji". Wengine watasema "kesho". Hapo ndipo penye mjadala wa kweli kuhusu onyo ni nini. Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini ina ofisi hapa hapa Mtwara. Mtaalamu wake mmoja akija shuleni na kuonyesha jinsi kina cha mto kinavyopimwa, mchezo utakuwa umepata mguu wa pili.

Penye mdomo wa mto pana jambo jingine ambalo mchezo wowote wa hapa haupaswi kuliacha. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina misitu ya mikoko inayopunguza nguvu ya mawimbi na kushika tope. Kwenye kile kilima cha mchanga vijiti vichache vilivyochomekwa kando ya shimo vinatosha kuonyesha kazi yake.

Baada ya tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995, watafiti wa Japani waliwahoji watumishi wa jiji lile kuhusu maamuzi yaliyowaumiza zaidi, kisha wakatengeneza mchezo wa kadi uitwao Crossroad. Kadi inakuweka mahali pa mtu fulani na kukuuliza swali la ndiyo au hapana. Wengi wakikubaliana wanapata alama, lakini aliyebaki peke yake na msimamo wake hupata zawadi ya pekee, ili sauti ya mmoja isimezwe. Naupenda mchezo huu kwa sababu hauhitaji hata dadu, na kadi zake tunaweza kuziandika wenyewe.

Wewe ni mvuvi wa Msimbati. Tahadhari kubwa imetolewa, lakini bahari ni shwari na deni la injini linaiva kesho. Unakwenda? Wewe ni mwalimu mkuu. Mvua kubwa inatarajiwa asubuhi ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne, na watahiniwa wako wanavuka korongo kuja shuleni. Unawalaza shuleni usiku ule, chakula kikiwa hakipo? Wewe ni mjumbe wa mtaa. Bibi mmoja anakwambia, "Mjukuu wangu, nimezaliwa kwenye nyumba hii, maji hayajawahi kunitoa." Unamhamisha kwa nguvu?

Hapa mwalimu awe mwangalifu. Zipo kadi zisizo na jibu moja, na zipo zenye jibu moja tu. Mtoto kuvuka kwa miguu mtaro unaokwenda kasi si suala la maoni. Maji ya kufika magotini yanaweza kumwangusha, na mfuniko wa kalavati uliong'oka hauonekani chini ya tope. Jambo la aina hiyo lisipigiwe kura darasani.

Jingine la kuangaliwa: mtoto asibebeshwe lawama za mtaro ambao watu wazima hawakuujenga. Manispaa ya Mtwara Mikindani ilikuwa miongoni mwa miji iliyoingizwa kwenye mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2010, na barabara na mifereji ilijengwa. Kuisafisha mifereji, kuilinda isigeuzwe jalala na kutoruhusu nyumba juu ya njia ya maji ni kazi ya halmashauri na ya wapiga kura. Mwanafunzi aliyecheza mchezo mzuri atakuwa na maswali makali zaidi kwa diwani wake, na hilo ndilo tunda lake. Kumtuma achimbe mtaro wakati wa vipindi si elimu.

Kitu anachoweza kufanya vizuri ni kuchora ramani. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi, kuzichora kata za Dar es Salaam zinazofurika. Walitembea mtaa kwa mtaa wakiandika mitaro iko wapi na maji yanafika wapi. Shule ya msingi haihitaji setilaiti. Inahitaji daftari, futi kamba, na mchana mmoja wa kuifuata njia ya maji kutoka kwenye paa la darasa hadi yanakoishia.

Na paa lenyewe ni hesabu. Jengo la madarasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 lina eneo la mita za mraba 160. Mvua ya milimita 50 ikilidondokea, hizo ni lita 8,000. Majengo manne ni lita 32,000, matangi 32 ya lita elfu moja, yanayomwagwa kwenye uwanja na kumfuata jirani wa chini. Watoto wa Newala na Tandahimba wataiona hesabu hii kwa jicho jingine. Juu ya uwanda wa Makonde mchanga unameza mvua, mito ni haba, na vizazi vya akina mama vimeshuka mabondeni kufuata maji. Mtoto wa huko atauliza kwa nini lita 32,000 zinaachwa ziende. Ningependa sana shule ya juu na shule ya pwani ziandikiane barua juu ya swali hilo.

Wakati wa kucheza ni Oktoba, kabla mvua za msimu hazijaanza, na tena Machi zikiwa zimeshika. Darasa la wanafunzi 70 ligawanywe timu kumi za watu saba, komwe mia moja kwa timu zote na chache za akiba, mabao mawili ya kuazima. Dadu zichongwe kwa mti, Mtwara haijawahi kukosa wachongaji. Dakika arobaini za kucheza zifuatwe na dakika nyingine arobaini za kuzungumza, na hizi za pili zisikatwe kwa sababu kengele imelia. Bila mazungumzo hayo watoto watakuwa wamecheza dadu tu. Mwalimu aanze kwa kuwauliza walioshinda ni mara ngapi walijiandaa na mvua isije, na kama walijuta.